Kamba ya Afya na Njia za Panya: Gharama za Kufunga Mipaka

Kiswahili cha pwani kina akiba kubwa ya majina ya vitu vizuiavyo. Ua ni wa makuti au mabua, nao huficha kuliko unavyozuia; wigo ni wa miti au miiba; kitalu ni cha mawe; boma ni la vita, na kwa kuwa watawala waliokwenda bara walianza kazi zao kwa kujijengea boma, neno hilo likaishia kuwa jina la ofisi ya serikali. Uzio, ambao siku hizi hutajwa magazetini kila inaposemwa kwamba nchi fulani yajizungushia nyaya, kwa wavuvi ni safu ya vijiti isimikwayo ufuoni ili maji yakitoka samaki wabaki. Neno mpaka halimo katika jamaa hiyo. Lina undugu na kitenzi kupakana, na hapana awezaye kupakana peke yake: lazima wawepo wawili, na kila mmoja awe jirani wa mwenziwe. Na mahali katika mji wa Dar es Salaam ambapo watawala wa zama mbalimbali, Wadachi, Waingereza na hatimaye wananchi wenyewe, walikaa wakaamua habari za mipaka ya nchi, wenyeji walipaita Kivukoni, kwani ndipo watu walipovukia kwenda Kigamboni.

Gharama ya kizuizi cha mpakani aghalabu huhesabiwa kwa mawe, nyaya na ujira wa mafundi. Hesabu hiyo ndiyo nyepesi. Iliyo nzito ni ya ulinzi, ambayo haina siku ya mwisho, na ya vile vitu ambavyo vingalipita kama pasingalikuwa na kizuizi. Tena mara nyingi mwenye kuamua kujenga si yeye atakayelipa. Afrika ya Mashariki imekwisha kujaribu vizuizi vya namna kadha, na mambo yaliyotokea yatosha kulinganishwa.

Kinachofaa kupimwa kwanza kipo katikati ya mji wenyewe, wala hakikutenga nchi na nchi. Chastahili kutangulia kwa sababu historia yake yajulikana tangu mwanzo, na kwa sababu hoja zilizokizaa zilikuja kurudiwa mipakani. Sultani Majid wa Unguja alianza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Wadachi walihamishia makao yao makuu hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka uleule walitoa amri ya ujenzi iliyougawa mji mafungu matatu kwa kadiri ya aina ya nyumba. Upande wa bahari ziwe nyumba za mtindo wa Kizungu. Katikati ziwe za mawe, na nyingi zilikuwa za Wahindi. Nyuma yake ndipo vibanda vya udongo na makuti viruhusiwe. Amri ilitaja udongo na mawe. Rangi za watu haikuzitaja, wala haikuhitaji kuzitaja.

Kabla ya vita vya 1914 serikali hiyo ilikwisha nunua shamba kubwa la Mdachi mmoja lililokuwa magharibi ya mji, ili Waafrika wahamishiwe huko, na kati ya shamba na mji wa mawe ibaki ardhi tupu. Vita vikaingia. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, wakaweka katika mtaa ule mpya kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, jina ambalo wenyeji walilitamka Kariakoo na ambalo limedumu kuliko jeshi lenyewe. Mpango wa kutenga, hata hivyo, washindi waliurithi mzima, kama mtu arithivyo nguo za marehemu asizifue. Katika miaka ya 1920 ukanda ulikamilishwa. Waliokuwa na vibanda ndani yake walihamishwa, wakapewa viwanja Kariakoo, huko wakawa wapangaji wa serikali wenye kulipa kodi ya kiwanja kila mwaka. Ukabaki uwanja mrefu kati ya barabara ziitwazo leo Bibi Titi Mohamed na Lumumba. Huo ndio Mnazi Mmoja.

Hoja iliyotolewa ilikuwa malaria. Robert Koch mwenyewe alifanya uchunguzi wake katika koloni hilo mwaka 1897 na 1898, na waganga waliofuata waliziona nyumba za Waafrika kuwa ghala la ugonjwa, ambamo mbu huchota sumu na kwenda kuimwaga Uzunguni. Basi ukitengwa uwanja mpana, mbu atachoka njiani. Ukanda wa namna hiyo uliitwa kwa jina la Kifaransa lenye maana ya kamba ya afya.

Kwa macho ilikuwa kamba rahisi: haina ukuta, haina lango, haina askari wa zamu. Gharama yake ilikuwa ardhi, yaani ardhi ya katikati ya mji uliokuwa ukikua, iliyozuiliwa isijengwe, pamoja na fidia kwa waliohamishwa na mwendo wa kila siku kwa miguu yao. Ama faida, ni vigumu kuiona. Kila alfajiri wapishi, madobi, yaya, matarishi na wachukuzi wa bandarini waliukata uwanja kutoka Kariakoo kwenda mjini, na jioni wakarudi. Watumishi wengine walilala katika vibanda vya uani mwa mabwana zao, hatua chache kutoka vitanda vyenye vyandarua. Wahindi kwa upande wao hawakukubali kuliacha soko la watu wengi namna ile, wakafungua maduka Kariakoo. Mbu hakuwa na haja ya kuruka uwanja: alizaliwa pande zote mbili, katika mifereji na madimbwi, na katika vinamasi vya Msimbazi na hori ya Gerezani. Wadachi walikuwa wamejaribu mjini humo, mwanzoni mwa karne ya 20, kazi ya kupima damu za watu na kuwapa kwinini. Kazi hiyo ilikuwa ngumu na yenye kuchosha, lakini ilimwendea mgonjwa mwenyewe. Kamba ya afya ilimwendea jirani wa mgonjwa ikampa uwanja wa kutazama. Serikali iliyoukausha mji mzima ingaliwafaa wote. Iliyotenga fungu moja ilijinunulia utulivu wa moyo tu, na utulivu huo ulilipiwa na watu wa fungu la pili.

Jambo moja halikukusudiwa na wapangaji. Barabara iliyopakana na uwanja kwa upande wa Kariakoo, ambayo Waingereza waliiita New Street, ndiyo iliyokuja kuwa na makao makuu ya TANU, chama kilichoanzishwa mwaka 1954. Baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 barabara ikapewa jina la Lumumba, na uwanjani ukasimamishwa mnara wa Mwenge wa Uhuru. Mabasi ya mwendo wa haraka yaliyoanza kazi mwaka 2016 yapita hapo bila kusimamishwa na mtu, yakitoka Kimara kwenda Kivukoni.

Ikiwa kamba isiyo na askari haikuzuia kitu, je, kizuizi chenye askari tele? Jibu la zamani zaidi limo katika historia ya Bara Hindi, ambayo wazee wengi wa Uhindini walitoka huko. Katika karne ya 19 Waingereza waliweka huko mstari wa forodha wenye urefu wa maili zaidi ya 2,000, ili chumvi isivushwe bila kulipiwa ushuru, na sehemu kubwa ya mstari huo waliipanda wigo wa miiba, mahali pengine mrefu kuliko mtu na mnene usiopenyeka. Wigo hauhitaji saruji, huota wenyewe. Walakini askari na makarani wa kuulinda walifika kiasi cha 12,000, na katika hao walikuwamo wengi waliokula rushwa au kuwanyang'anya wapita njia. Mwaka 1879 mstari uliachwa. Chumvi haikuwa imeshindwa kupita. Serikali iliona kuwa ni nafuu kuitoza kule inakotengenezwa kuliko kuifukuza porini.

Mipaka ya Afrika ya Mashariki yenyewe ilianza bila miiba wala nyaya. Mwaka 1886 Waingereza na Wadachi waliandikiana mstari kutoka karibu na Vanga na mlango wa mto Umba hadi Ziwa Viktoria, mstari ulionyooka kama rula isipokuwa pale ulipozunguka Kilimanjaro ili mlima uwe wa Wadachi. Sultani wa Unguja aliachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Mwaka 1890 sehemu yake ya kusini ilitwaliwa na Wadachi kwa malipo ya mark milioni 4. Hiyo ndiyo bei ya wazi iliyowahi kulipwa kwa mpaka wa nchi hii, na waliokaa ndani ya ukanda hawakupata hata pesa moja. Baadaye wapimaji walipita nyikani wakisimika nguzo. Mstari wa takriban kilomita 770 ulikuwa na nguzo hapa na pale, na kati ya nguzo na nguzo nyasi tu. Wadigo wakawa pande zote mbili wakisema Kidigo kilekile. Wamasai wakafuata malisho na maji, ambayo hayakuwamo katika mkataba.

Mpaka huu ndio ulioleta jaribio kubwa kuliko yote: kufungwa kwa amri tupu. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ya mwaka 1967 ilikuwa na reli moja, bandari moja, posta moja na shirika moja la ndege. Kufikia mwanzo wa 1977 ugomvi wa fedha na siasa ulikuwa umeyadhoofisha hayo yote. Kenya ilianzisha shirika lake la ndege, ndege za jumuiya zikalala chini, na tarehe 4 Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Magari ya watalii na ndege ndogo zilizoandikishwa Kenya zilizuiliwa nchini. Hapakuwekwa tofali hata moja. Askari waliokuwako, kizuizi cha mti barabarani, na neno la serikali vilitosha.

Kwa hesabu ya ujenzi, basi, hapana kizuizi kilichogharimu kidogo kuliko hicho. Hesabu nyingine ni ndefu. Viwanda vya Nairobi vilipoteza soko la Tanzania na njia ya barabara ya kufikia Zambia. Tanzania ilitaka watalii wa Serengeti na Ngorongoro washuke moja kwa moja katika kiwanja cha ndege cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971, badala ya kuletwa na makampuni ya Nairobi yaliyobaki na faida. Nia hiyo ilikuwa na haki ndani yake, maana ni kweli kwamba mbuga zilikuwa za mmoja na mapato yakawa ya mwingine. Lakini watalii waliozoea kufika kwa barabara hawakugeuka mara moja kuwa abiria wa Kilimanjaro. Wengi walibaki Kenya wakatazama wanyama wa huko. Treni hazikuvuka tena baina ya Voi na Moshi. Jamaa za Taveta na Holili, ambao hapo kwanza walizikana na kuozana bila kufikiri kuwa wanasafiri nje, wakawa wageni kwa wageni.

Tena mpaka haukufungika. Mstari ambao askari waliulinda katika vituo vichache vya barabara ulikuwa na nyika isiyo na kituo. Hapo ndipo neno magendo lilipozoeleka midomoni mwa watu wote, pamoja na njia za panya, istilahi ambayo haikutungwa na mtaalamu yeyote lakini haijapata mpinzani. Kadiri bidhaa zilivyoadimika nchini baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta, ndivyo zilivyozidi thamani zile zilizovushwa usiku. Soko jipya la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, lilikuwa limefunguliwa mwaka 1975, jengo la fahari lenye paa kama miavuli. Katika miaka hiyo watu waliosimama kwenye foleni za sukari, sabuni na mafuta ya kula walijua kwamba vitu viko, ila haviko dukani. Mwaka 1983 serikali ilianza msako wa wahujumu uchumi, ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Msako huo wafaa kuhesabiwa katika gharama za mpaka, japo si zote: mahakama maalumu, mahabusu, mali zilizotupwa usiku na wenye hofu. Nchi yaweza kuokoa bei ya ukuta mpakani ikaja kuilipa uani mwa kila mfanyabiashara.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, Nyerere, Moi na Obote walipokutana Arusha, na mapatano ya kugawana mali za jumuiya, yaliyosuluhishwa na Mswisi Victor Umbricht, yakatiwa saini mwaka 1984. Mwaka huohuo Tanzania ikaanza kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Kariakoo ikajaa tena, na mitumba ikatandikwa hata vichochoroni.

Katika vizuizi vya namna tatu vilivyotajwa hapo juu, yaani ardhi tupu, wigo wenye askari na amri, hapana kilichobaki kikiua baada ya serikali yake kuondoka. Kipo cha namna ya nne. Kati ya 1976 na 1979 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilitega mabomu ya ardhini mpakani mwake na Msumbiji na Zambia, ili wapigania uhuru wasipite. Mashamba hayo ya mabomu waliyapa jina lilelile la Kifaransa, kamba ya afya. Maradhi yaliyokusudiwa mara hii yalikuwa uhuru. Bomu la ardhini halina bei kubwa wala halilali, na kwa sababu hiyo wakuu wa jeshi hulipenda. Wapigania uhuru walipita. Zimbabwe ikapatikana mwaka 1980. Na zaidi ya miaka 40 baada ya kutegwa, kazi ya kuyaondoa mabomu ilikuwa haijakwisha. Wakulima na ng'ombe walioyakanyaga hawakuwahi kumwona askari wa Rhodesia. Msumbiji, iliyokuwa na mabomu ya vita kadha, ilitangazwa kuwa safi mwaka 2015, na miongoni mwa waliofanya kazi hiyo walikuwamo panya buku waliofundishwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, na shirika la APOPO. Panya hao hunusa baruti, na kwa kuwa ni wepesi hawalipui bomu. Kwa hiyo panya amefungua mpaka kwa maana mbili.

Uzio wa kweli, wa nyaya na handaki, ulikuja Afrika ya Mashariki baada ya msiba. Tarehe 2 Aprili 2015 wapiganaji wa Al-Shabaab walishambulia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Mwaka huohuo Kenya ilianza kujenga kizuizi mpakani mwake na Somalia, kuanzia Mandera. Hofu iliyokizaa haikuwa ya kubuni kama ile ya mbu wa Mnazi Mmoja; wazazi walikuwa wamezika. Kwa hiyo yafaa kizuizi hiki kihukumiwe kwa upole zaidi, lakini kwa hesabu ileile.

Machi 2018 Bunge la Kenya lilipiga kura ujenzi usimamishwe, baada ya wabunge kuelezwa kwamba shilingi bilioni 3.4 za Kenya zilikwisha tumika kwa uzio wa kilomita zipatazo 10. Hiyo ni shilingi milioni 340 kwa kilomita. Mpaka wote ni kama kilomita 680. Kwa kipimo hicho uzio mzima ungalidai zaidi ya shilingi bilioni 230, kabla ya kulipwa mshahara wa askari wa kwanza wa kuulinda. Na uzio usio na mlinzi hukatwa kwa koleo. Ukuta wa Berlin, uliodumu tangu 1961 hadi 1989 na kuuzunguka upande wa magharibi wa mji kwa kilomita 155, ulizuia kweli, kwa kuwa nyuma yake walisimama usiku na mchana askari walioamriwa kupiga risasi. Tena uliwekwa kuwazuia raia wasitoke. Na wenye kutoka hawakubeba silaha. Mpaka wa Mandera ni wa namna nyingine. Mji huo umepakana na Bula Hawa wa Somalia hata wakazi hununua, huuza na huoana kama mitaa miwili ya mji mmoja. Upande wa bahari, Wabajuni wa Kiunga na wale wa Kismayu wana lahaja moja na visiwa vilivyoshikana. Hapana awezaye kupigilia nguzo katika mkondo wa maji. Wavamizi wa Garissa, kadhalika, hawakuwa wote wageni waliovuka: mmoja wao alikuwa Mkenya, kijana aliyesoma sheria Nairobi. Kwake yeye uzio ungalikuwa upande usio wake.

Mei 2023 Kenya ilitangaza kuwa vituo vya mpaka huo vitafunguliwa kwa awamu, Mandera, Liboi na Kiunga; mashambulizi yakafuata, na mwezi Julai ufunguzi ukaahirishwa. Wafanyabiashara wa pande zote mbili waliendelea kulipa tofauti ya bei.

Kwenye mpaka wa Tanzania na Kenya fedha zilitumika kwa kazi tofauti. Namanga pamejengwa kituo cha pamoja, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja na maofisa wa nchi mbili waliokaa chini ya paa moja. Rais Magufuli na Rais Kenyatta walikizindua Desemba 2018. Ndicho kizuizi pekee katika hesabu hii kilichojengwa ili watu wapite upesi zaidi.

Hakikupata muda mrefu wa utulivu. Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa korona, hoja ya afya ilirudi mpakani ikiwa na nguvu mpya. Tarehe 16 Mei Kenya ilifunga mipaka yake na Tanzania na Somalia kwa watu, ikaagiza madereva wa malori wapimwe. Malori yalijipanga Namanga kwa siku nyingi. Majibu ya vipimo yakabishaniwa na pande mbili. Wakuu wa mikoa wa Tanzania nao wakawazuia madereva wa Kenya. Hata mawaziri wakakutana mpakani hapo mwezi huohuo kusuluhisha. Lakini katika amri ile ya Kenya kulikuwa na kifungu ambacho hakikuwamo katika amri ya 1977: shehena iliruhusiwa kupita. Mara hii waliofunga mlango walikwisha kujua ni unga wa nani utakaokwama nje.